Maneno Aliyopewa Neya

Jumanne, 11 Novemba

"Wandugu makamarade, ninyi mnaokaa kwenye benchi zisizo na mgongo, mnaosoma kwa mwanga wa simu, mnaofika auditoire mmelowa na bado mnafungua madaftari: nawasalimu kwa jina la mapambano yetu."

Hivyo ndivyo nitakavyoanza kesho. Nimeijaribu kwa sauti chumbani. Maman akagonga mlango, akauliza ninamhutubia nani. Nikamwambia naandika uhakiki wa filamu. Akacheka.

"Filamu gani ile inaanzaka na salamu ya jeshi, Noëlla?"

Filamu ni Paa la Chuma, sehemu ya pili. Tuliiona Jumapili kwenye ukumbi wa Papa Déo, Kadutu. Klabu yetu ya filamu hunipa mimi kazi ya uhakiki kwa sababu, wanasema, mwanafunzi wa sheria ana ulimi. Nina hasira. Ulimi ni chombo chake tu.

Muhtasari, ili kesho nisitangetange. Mji mzima umefunikwa kwa paa la chuma. Kila kijana, akifika umri, hupewa taa. Rangi ya taa ndiyo inayoamua ataishi ghorofa gani mpaka afe. Katika sehemu ya kwanza, binti mmoja, Neya, alizima taa yake na kuwafungulia lango Wafunguzi, wapiganaji kutoka nje. Wakalivunja paa. Watu wakacheza. Sehemu ya pili inaanza na uchungu: Wafunguzi hawajaondoka. Wamekusanya taa za zamani. Wanagawa taa mpya. Wamehamia ghorofa za juu. Neya anaitwa jukwaani, mbele ya mji wote, ili awashukuru.

Anapanda. Anasimama. Na anasema:

"Mulikuja mukasema munatufungulia paa. Paa imefunguka, ni kweli. Lakini mvua yote inatuangukia siye, na nyie mumeingia kukaa mu manyumba yetu."

Hayo ni maneno kama tulivyoyasikia kinywani mwa Mastaki. Filamu ni ya Kiingereza, na ukumbi wa Papa Déo haujui Kiingereza. Mastaki, commentateur wetu, anateremsha sauti ya filamu, anashika mikro, anawasemea wote: binti, jemadari, bibi kizee, hata mbwa. Aliposema maneno yale ukumbi ulikufa ganzi. Mama mmoja nyuma yangu alitamka "Yesu" polepole, kama mtu anayeweka mzigo chini. Mlangoni hapakuwa na mtu wa bunduki. Siku hiyo walikuwa kwenye mpira.

Sijawahi kusikia ukweli wa mji huu ukisemwa hadharani hivyo tangu wakubwa wapya waingie na bunduki zao. Na umesemwa na msichana wa kubuniwa, katika mji usiokuwapo.

Jumatano, 12 Novemba

Nimesoma. Auditoire, ukumbi wetu wa masomo, ilijaa mpaka madirishani. Makofi.

Sikuisifu filamu bure. Nilisema mapigano ni marefu kuliko hoja. Nilisema wale wavulana wawili wanaomgombania Neya ni mapambo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufua shati lake. Nilisema kosa kubwa la filamu hizi za vijana ni kwamba wazazi hufa mapema, ili njia ya mapinduzi ibaki nyeupe. Neya hana mama. Shujaa yeyote wa filamu hizi hana mama. Sisi mama zetu wako hai, wanatungoja na sahani imefunikwa, na mapinduzi yoyote yatakayofanyika hapa yatapita mbele yao kwanza.

Kisha tukio la jukwaa. Niliyanukuu maneno yote. Nikaongeza kwa fahari: "Tumshukuru Mastaki kwa tafsiri aminifu, neno kwa neno, isiyopunguza wala kuongeza." Sentensi nzuri. Imesimama vizuri. Nimeituma pamoja na uhakiki wote kwenye makundi yetu ya simu, jina langu chini.

Espérance, ambaye ndiye anayetutafutia filamu, hakupiga makofi. Aliniuliza tu kama nimeiona ile yenye sauti ya Kifaransa. Nikamwambia sihitaji. Akasema atanitafutia.

Ijumaa, 14 Novemba

Uhakiki unatembea kuliko mimi. Binamu yangu wa Lwiro amenitumia leo, hajui ni mimi niliyeuandika: jina limekatwa njiani. Ameweka chini yake: "Soma hii, utalia." Mwingine kausikia ukisomwa sokoni Mudaka, kati ya mafungu ya viazi.

Nimefurahi. Nasema wazi. Nimefurahi kupita kiasi.

Jioni, njiani kuteremka kwetu Nguba, nimeyaona kwenye ukuta. Makaa, herufi kubwa. MVUA YOTE INATUANGUKIA SIYE. Watu walikuwa wanapita bila kugeuza shingo. Lakini walipofika pale walipunguza mwendo, kila mmoja. Nilisimama ng'ambo nikiwatazama kama mtu anayetazama mahindi yake yakiota.

Jumamosi, 15 Novemba

Salongo, usafi wa lazima. Mtaa mzima nje na mafagio, wenye bunduki wanasimamia. Walituamrisha tuuoshe ukuta ule. Nikapewa brashi. Nimesugua kwa mikono yangu maneno niliyoyasambaza kwa mikono yangu.

Mkubwa wao, kijana mwenye miwani na sauti ya upole, akauliza maneno yanatoka wapi. Kisha Mama Chibalonza, jirani yetu anayeuza mkaa, akajibu bila kuinua mgongo.

"Mu filamu, chef."

"Filamu gani?"

"Ile ya binti na paa. Watoto banaipenda. Na weye uiangalie, utapumuzika kidogo."

Tukacheka. Hata walinzi wawili walicheka. Yeye hakucheka. Akasema, kwa upole uleule, kwamba ataiangalia.

Nimerudi nyumbani nimeridhika. Aiangalie. Atakutana na uso wake.

Jumapili, 16 Novemba

Espérance amekuja baada ya misa na simu yake. Sauti ya Kifaransa. Tukakaa barazani, Maman yuko jikoni. Akaipeleka filamu moja kwa moja kwenye tukio la jukwaa.

Neya anapanda. Anasimama. Kamera inamkaribia usoni. Anawatazama Wafunguzi. Anautazama umati. Mdomo umefungwa; Jumapili ile masikio yangu yalikuwa kwa Mastaki, sikuutazama. Inapita dakika nzima, labda zaidi. Hakuna muziki. Upepo tu. Halafu anainama, anaiweka taa yake sakafuni, anateremka.

Basi.

Nikamwambia Espérance arudishe. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena. Hakuna neno. Hata moja. Si la mvua, si la paa, si la nyumba.

Maneno yale si ya Neya. Ni ya Mastaki. Mwanaume mwenye mke na watoto, anayejulikana Kadutu nzima kwa sauti yake, aliwaambia wakubwa wapya, kwa mikro, kile ambacho hakuna anayekisema hata kanisani. Akajificha ndani ya msichana. Nami nikamtoa humo. Nikaandika jina lake. Nikaapa mbele ya mji mzima kwamba hakuongeza kitu.

Jana, yule wa miwani alisema ataiangalia filamu.

Jumatatu, 17 Novemba

Asubuhi na mapema kwa Mastaki. Alikuwa anakata kuni mbele ya mlango. Huniita Maître, wakili, kwa utani, kwa sababu ya masomo yangu.

"Maître, nasikia umenifanya kuwa mtu mukubwa."

Nikamwambia nimeiona filamu. Akaacha shoka. Akatazama barabara, upande huu na upande ule.

"Binti ananyamaza," akasema. "Dakika nzima. Unajua batu ya Déo. Commentateur akinyamaza, banapiga miluzi, banasema groupe ya umeme imekufa, banataka kutoka. Njo kazi yetu: kimya haikubaliwe. Ilikuwa lazima niseme kitu."

Nikauliza kwa nini alisema kile.

"Ndicho kilikuwa karibu na mdomo." Akacheka kidogo. "Mu filamu ya kwanza, pale anazima taa, ananyamaza pia. Nilimupatia wimbo ya harusi. Juu ya ile hukuandika kitu."

Kweli. Nakumbuka wimbo ule. Niliudhani ni wa filamu.

Nikamsihi aondoke, aende kwa wakwe zake Mudaka hadi mambo yapoe.

"Nikafanye nini Mudaka? Nitafsirie mihogo?" Kisha akawa mtu mzima tena. "Futa tu ile maandishi, Maître. Futa, na miye nitanyamaza."

Nimefuta. Kwenye makundi yote. Ni mchezo wa mtoto anayefumba macho ili asionekane. Uhakiki umo kwenye simu za Lwiro, za Mudaka, za kila mahali. Na jina lake limo ndani.

Jumanne, 18 Novemba

Wamemchukua.

Papa Déo, mwenye ukumbi, amenisimulia. Walikuja mchana, yule wa miwani mbele. Hawakupiga mtu. Hawakupaza sauti. Walileta filamu yao wenyewe. Wakamwambia Déo awashe groupe, jenereta yake, ateremshe pazia, wakakaa kwenye viti vya mbele kama watazamaji. Wakamwita Mastaki. Wakampa mikro yake.

"Tufasirie," yule wa miwani akasema. "Kuanzia anapopanda jukwaani."

Neya akapanda. Akasimama. Mastaki alikuwa ameshika mikro karibu na mdomo, hivyo ukumbi mzima ulikuwa unasikia pumzi yake kwenye vipaza sauti. Hakusema kitu. Papa Déo anasema hajawahi kuona dakika ndefu hivyo. Hakuna aliyepiga mluzi. Binti akainama, akaweka taa chini, akateremka. Ndipo yule wa miwani akatoa simu yake na kusoma kwa sauti, bila kukosea, sentensi yangu. Tafsiri aminifu. Neno kwa neno. Isiyopunguza wala kuongeza.

"Sasa haya maneno mengine," akauliza, "ni ya nani?"

Mastaki akaweka mikro chini. Wakatoka naye.

Sikula. Najichukia, na kujichukia hakumsaidii mtu.

Jumatano, 19 Novemba

Wamezunguka Kadutu wakiwauliza waliokuwa ukumbini siku ile. Mastaki alisema nini? Mama wa karanga: groupe ilikuwa na kelele, sikusikia. Fundi wa pikipiki: groupe ilikuwa na kelele. Katekista: groupe, chef, ile groupe ya Déo ni kama kinu. Mlango hadi mlango, jibu moja. Hakuna aliyewafundisha. Ukumbi ulioshika kila neno kwa moyo umekuwa kiziwi kwa pamoja.

Nikafikiri: wamemwokoa. Kisha nikafikiri tena. Mji mzima haukusikia. Mtu mmoja tu alisikia, akaandika, akaweka jina lake. Ushahidi wote uliobaki dhidi ya Mastaki ni ufasaha wangu.

Mke wake amepeleka chakula. Wamekipokea. Hawakumruhusu kumwona.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeandika uhakiki wa pili wa filamu ileile. Asubuhi nzima. Sijawahi kuandika kitu kwa shida namna hii, na hakuna neno ndani yake nisilolijua vizuri.

Naandika hapa sehemu, nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa na upole:

"Wandugu makamarade, niliwadanganya. Maneno ya mvua na paa hayamo katika filamu. Wala hayakutoka kwa Mastaki, kwa sababu Mastaki hana uwezo huo. Ni commentateur mvivu. Sentensi tatu za Kiingereza hurudisha moja ya Kiswahili, na hiyo moja imevunjika mguu. Kwenye tukio la jukwaa hakutafsiri kitu. Alikuwa anakunywa chai. Kimya kilinichosha, nikakijaza mwenyewe nilipofika nyumbani, nikaweka jina lake ili uongo wangu upate miguu. Maneno ni yangu."

Baada ya hapo nikaandika jambo moja la kweli. Kwamba mtengenezaji wa filamu alijua anachokifanya. Kwamba binti aliyeitwa kushukuru, akasimama mbele ya bunduki na asitoe hata asante, amesema kila kitu. Kwamba mimi, mwenye ulimi, sikuweza kuvumilia kimya kile, na huo ndio upungufu wa mhakiki, si wa filamu. Hilo ni la kweli. Limekaa katikati ya uongo kama jiwe kwenye mchele.

Espérance alisoma juu ya bega langu.

"Bakikuita?"

"Wataniita."

"Na umemutukana vibaya hivi, mutu ya watu. Batakuchukia bote."

Ndiyo hesabu yenyewe. Usipomtukana vya kutosha, wenye bunduki hawataamini.

Nimetuma kabla ya saa sita.

Ijumaa, 21 Novemba

Makundi yamewaka moto. Msaliti. Mpenda sifa. Mmoja wa klabu, niliyemfundisha kushika kipaza sauti, ameandika kwamba walikuwa wakiyaimba maneno yangu kama zaburi, kumbe ni takataka za msichana wa Nguba anayetafuta jina. Nimesoma yote. Wengi wao hawakuwapo ukumbini. Wana haki.

Waliokuwapo wamenyamaza. Siku nzima. Nikaanza kuogopa kwamba mmoja wao, kwa wema, atanitetea na kuharibu kila kitu. Jioni akaandika yule aliyekuwa ameketi kushoto kwangu Jumapili ile, bega kwa bega, aliyenishika mkono Mastaki alipotamka maneno ya mvua. Sentensi mbili.

"Ni kweli. Mastaki alikuwa anakunywa chai."

Chini yake wengine wakaja, mmoja mmoja. Ndiyo, chai. Niliona kikombe. Kikombe cha bluu. Anakunywaka sana ule bwana. Nikaweka simu chini na kulia, sauti nikaiziba kwa mto.

Jumamosi, 22 Novemba

Mastaki ametoka.

Nimemwona kwenye njia panda, baada ya salongo. Anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Shavu moja limejaa. Watu wanamsalimu kwa mbali. Aliponiona akasimama katikati ya barabara na kunielekezea kidole, sauti ile ya ukumbini, ya jemadari.

"Muangalie huyu binti. Masomo yote ile, na kazi yake ni kutukana batu bazima. Mi mvivu? Mi nimevunja mguu ya Kiswahili?"

Watu wakaguna upande wake. Mlinzi mmoja ng'ambo alikuwa anatazama. Nikainamisha kichwa. Mastaki akapita karibu yangu, karibu kabisa, na sauti ikashuka ikawa yake mwenyewe.

"Ile chai ilikuwa bila sukari, Maître."

Hakugeuka. Kesho alfajiri anaondoka na familia yake. Mudaka. Mihogo itapata mfasiri.

Mchana mtu wa yule wa miwani alifika kwetu kwenye geti. Adabu nyingi. Alimwamkia Maman, akauliza kama hapa ndipo anapoishi mademoiselle anayeandika. Maneno ni yake, amesema mwenyewe. Basi aje ayaeleze. Jumatatu.

Ninaogopa. Naandika neno hilo mara moja tu.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Ziwa halionekani.

Ukumbi wa Papa Déo umefungwa. Anasema groupe imeharibika. Espérance amepita, amekaa kidogo. Ameniachia filamu kwenye simu. Nimeiangalia yote sasa, kwa utulivu, mpaka mwisho ambao Jumapili ile hatukuuona kwa sababu umeme wa Déo ulikatika. Neya anapoteremka jukwaani Wafunguzi wanamngoja chini. Filamu inakatika hapo. Watatengeneza sehemu ya tatu, nadhani. Anatembea peke yake kati yao. Hana mtu.

Nilimweleza Maman yote jana jioni. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama yule Mastaki ataondoka salama. Leo, baada ya misa, ametoa pasi ya makaa na kunyoosha gauni langu la buluu, lile la kutetea kazi ya mwaka chuoni. Kisha akalitundika, akatoa kitenge chake cha sherehe sandukuni, akaanza kukinyoosha nacho.

Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwani bamekuita peke yako? Miye njo nilikuzaa na huo mudomo."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia hawataruhusu aingie. Nilitoa hoja tatu, zimepangwa vizuri. Akapuliza majivu kwenye pasi, akaendelea na upindo.

Sasa anaimba kidogo jikoni. Nyumba inanuka makaa na nguo ya moto.

Makamarade, mkutano ujao ni kesho Jumatatu, saa tatu asubuhi, ofisini kwao. Tutakuwa wawili. Maman anasema tutoke mapema na tupite njia ya chini, huko matope si mengi.